Mwanamke Anayefunga Milango

Aliyetengeneza hasemi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Torkild, mwalimu wa filamu, na wanafunzi wake waliijua kuliko walivyozijua sheria za barabarani. Ukishaonyesha filamu yako unakaa kwenye kiti kando ya skrini, unafunga mdomo, na wenzako wanaisoma. Kwanza wanasema wanachokiona, bila kuongeza chumvi. Kisha wanasema kinamaanisha nini. Wewe unapewa nafasi mwishoni kabisa, na Torkild alipenda kusema kwamba aliyetengeneza filamu nzuri hufika huko mwishoni akakosa la kuongeza.

Alhamisi hiyo ya Aprili aliyekaa kwenye kile kiti alikuwa Alberte, binti wa Egon, dereva wa basi la watoto wa shule. Filamu yake fupi iliitwa Jumapili. Alikuwa ameweka kamera jikoni kwao, mara juu ya friji, mara kwenye korido, akawaacha wazazi wake waishi. Hakuna aliyeigiza. Baba anaingia kutoka bustanini, anakunywa kahawa, anatafuta gazeti, anatoka. Mama anapanga vyombo, anafunga kabati, anasukuma kiti chini ya meza. Redio inaongea peke yake.

"Tunaona nini?" Torkild aliuliza.

Vilfred, ambaye hupenda kuanza, aliomba picha irudishwe nyuma. "Tunaona mkono. Huyu mzee kabla hajashika kikombe, mkono wake unapita kwanza kwenye ukingo wa meza. Kila mara. Unatambaa, unatambaa, halafu ndiyo unakipata."

"Na unamaanisha nini?"

"Upweke," alisema msichana mmoja wa nyuma. "Anatafuta mtu wa kumshika, anaambulia kikombe."

Torkild alitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi. "Endeleeni."

"Na kichwa," Vilfred alisema. "Mkewe akimwongelesha, hageuzi macho. Anageuza kichwa kizima, kama bundi." Darasa likacheka. "Yaani ndoa imekauka. Hata kumtupia jicho la pembeni hataki."

Alberte alicheka pamoja nao. Halafu akaacha. Picha ilikuwa imesimamishwa pale kwenye skrini, kubwa kuliko dirisha, na mkono wa baba yake ulikuwa umelala kwenye ukingo wa meza vidole vikiwa wazi. Mkono huo aliishi nao kila siku na hakuwahi kuuona. Akakumbuka jinsi baba alivyomkanyaga paka wakati wa Krismasi, akaomba radhi kwa sauti kana kwamba paka ni mgeni. Akakumbuka kwamba baiskeli ya baba ilikuwa imeuzwa, na kwamba hakuna aliyesema kwa nini.

"Alberte, umetufanyia kazi nzuri sana," Torkild alisema mwishoni. "Ningekuwa wewe nisingegusa hata fremu moja. Jumatano ijayo tunaionyesha mbele ya wazazi. Una la kuongeza?"

"Hapana," alisema Alberte.

Torkild akawageukia wengine. "Mnaona?"

*

Bodil alikuwa kwenye chumba cha kufulia, anakunja mashuka. Alifanya kazi katika nyumba ya wazee, na hata mashuka ya nyumbani kwake aliyakunja kwa namna ya kule, pembe kwa pembe.

"Mama, baba haoni," alisema Alberte mlangoni.

Bodil aliendelea kukunja. "Anaona."

"Mama."

"Anaona mbele. Kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Pembeni ndiko kumekwisha." Aliweka shuka juu ya mashine. "Nani kakuambia?"

"Darasa zima limeniambia. Wao hawajui kama wameniambia."

Ilikuwa presha ya macho. Egon alikuwa amekwenda kwa daktari wa ng'ambo ya daraja, mahali ambapo hakuna anayemjua, na daktari huyo alimwambia asiguse usukani tena. Egon alimshukuru, akachukua dawa yake ya matone, akaendesha gari hadi nyumbani. Chupa ya matone ilikaa kwenye friji nyuma ya mtungi wa viazi vyekundu vya siki, na waliojua ilipo walikuwa wawili tu.

"Na anabeba watoto," Alberte alisema.

"Anaendesha polepole."

"Yule kulungu aliyevunja kioo cha basi…"

"Hapakuwa na kulungu. Ulikuwa ukuta wa kanisa." Sasa Bodil alimtazama binti yake. Macho yake yalikuwa makavu na yamechoka. "Nisikilize. Machinjio aliyokuwa akifanya kazi yalipofungwa alikaa kwenye kile kiti cha dirishani majira mawili ya baridi. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Alikuwa hanyoi ndevu. Basi hili ndilo lililomtoa pale. Shule zikifungwa mwezi wa sita, atasema amechoka, atawaaga, watampa keki na maua. Mpaka likizo tu. Hilo ndilo tulilokubaliana."

"Na kabla ya likizo?"

Bodil alichukua shuka jingine. Swali hilo alikuwa akijiuliza mwenyewe kila asubuhi, akiwa kazini, ameshika kijiko cha uji mbele ya mdomo wa mtu mwingine.

"Wakijua," alisema, "hawatasema Egon mgonjwa. Watasema Egon kahatarisha watoto wa watu. Na itakuwa kweli, Alberte. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba itakuwa kweli."

Mashine ilianza kukamua.

"Ukate ule mkono," Bodil alisema. "Na kichwa. Kwenye filamu."

"Torkild kasema nisiguse hata fremu moja."

"Torkild hana basi."

*

Alberte aliukata mkono. Alikata kichwa kinachogeuka kama bundi, akakata mahali ambapo baba anapapasa gazeti lililo mbele yake, na mahali anapopiga bega kwenye fremu ya mlango kisha anajifanya alikuwa anauegemea. Alifanya kazi hiyo chumbani kwake, vipokea sauti masikioni, na kila alipokata alihisi amemfunika baba yake blanketi. Alipomaliza, Egon aliyebaki alikuwa mzee mtulivu anayeingia na kutoka jikoni mwake bila shida. Aliitazama mara moja, haraka. Alikuwa anamtafuta baba tu, ahakikishe hayupo palipo na hatari. Mama yake, aliyekuwa kwenye picha zilezile, Alberte hakumwangalia.

Asubuhi zilikuwa ngumu zaidi. Aliamka kabla ya saa yake kulia na kusikiliza basi likiondoka uani, taratibu mno, kama ng'ombe anayetolewa zizini. Alijua linakokwenda: kwa wenye maziwa, kwenye njiapanda ya kanisa, halafu kwa Dorte, mama yake Vilfred, ambako Merle, dada mdogo wa Vilfred, husimama karibu kabisa na ua wa miti, kwa sababu mama yake alimwambia asisogelee barabara. Alberte alivuta blanketi hadi puani. Angeweza kupiga simu. Alijua hata maneno ya kusema. Alilala hapo akiyarudia, na hakupiga.

Egon naye alikuwa amepata mbinu zake. Kabla ya kila kona aligeuza kichwa kulia hadi kidevu kiguse bega, kisha kushoto hadi kiguse bega, kisha tena kulia. Watoto waliona ni mchezo. Walimwiga wakiwa wamekaa nyuma, wote kwa pamoja, kulia, kushoto, kulia, na mchezo huo waliuita "kufanya Egon". Walipoteremka walicheka, na yeye alicheka nao. Basi likibaki tupu, alikaa kwanza na mikono mapajani kabla ya kuligeuza.

"Nimetoka vipi kwenye hiyo sinema?" alimwuliza Alberte Jumatano jioni, akifunga vifungo vya shati lake zuri.

"Kama nyota."

"Nyota wa basi." Alivuta pumzi kuingiza tumbo. "Watanitaka sahihi?"

"Wewe vaa viatu, mzee, tutachelewa," alisema Bodil.

Egon alitoka kwenda kuvaa viatu. Nyuma yake Bodil alifunga kabati la vikombe aliloacha wazi, akasukuma kiti, akasogeza ndoo ya majivu ikutane na ukuta. Hakufanya kelele. Mikono yake ilikuwa imeshazoea hata haikuhitaji amri.

*

Ukumbi wa shule ulijaa. Kulikuwa na keki za tabaka walizoleta akina mama, na kahawa kwenye zile chupa kubwa za kubonyeza ambazo mwishoni hukohoa. Kabla ya lolote watu walisimama wakaimba, kama kawaida, kila wawili na kitabu kimoja cha nyimbo. Bodil alishika kitabu. Egon hakukihitaji, nyimbo za masika alizijua tangu utoto, na sauti yake ilikuwa nzuri. Mtu aliyekuwa mbele aligeuka kumwangalia kwa furaha.

Dorte alikaa kiti cha pembeni mwa Bodil. Alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye duka la nyuzi za kufumia, na usiku huo alikuwa na fahari kwa sababu mwanawe ndiye angeongoza mazungumzo. "Vilfred ananiambia ya Alberte ndiyo bora," alimnong'oneza Bodil. "Eti nyinyi wawili ni waigizaji wa kuzaliwa."

"Sisi? Sisi hatujui hata kukaa vizuri kwenye picha."

Taa zilizimwa. Alberte alikaa kwenye kiti kando ya skrini, mikono katikati ya magoti.

Kuna jambo ambalo Alberte na mama yake hawakulifikiria. Egon asingeweza kuona sahani iliyo karibu na kiwiko chake, lakini skrini ilikuwa mbali, mwisho wa ukumbi, nayo kwa umbali ule iliingia yote katika lile tundu dogo alilobakiwa nalo. Aliiona filamu nzima. Alijiona akiingia kutoka bustanini, na akashangaa jinsi alivyozeeka mgongoni. Kisha akamwona Bodil.

Alimwona akija nyuma yake. Yeye, Egon, alifungua kabati, akachukua kikombe, akaondoka. Mkono wa Bodil ukaja, ukafunga mlango wa kabati uliokuwa sawasawa na paji la uso wake. Aliinuka mezani, Bodil akarudisha kiti ndani. Alipita koridoni, Bodil akatangulia kimya kwa upande, akaviokota viatu vya Alberte njiani, akafunga mlango wa chini ya ngazi, akabana ukutani ili yeye apite. Alipita karibu naye kiasi cha kumgusa, akiwa anapiga mluzi. Hakuwa na habari kama kuna mtu. Ilikuwa hivyo filamu nzima, yeye akienda na mkewe akifuata, akifunga.

Miezi yote hiyo alidhani amejifunza kutembea ndani ya nyumba yake bila kuona pembeni.

Taa ziliwashwa, watu wakapiga makofi. Torkild alieleza sheria, kwamba aliyetengeneza hasemi, kisha akamkaribisha Vilfred. Uso wa mwalimu ulikuwa na wasiwasi kidogo. Alikuwa ameona kwamba kuna vitu vimeondolewa.

"Nilikuwa nimejiandaa kusema habari ya mkono," Vilfred alianza, "lakini Alberte ameukata, na kumbe kafanya vizuri, kwa sababu leo naona filamu nyingine kabisa. Tunaona mwanamke anayefunga milango." Alibonyeza, picha zikapita moja moja. "Kabati. Kiti. Mlango wa ngazi. Kila mahali mume anapopita, yeye yuko nyuma yake anafunga. Hasemi neno. Mume hapati hata kuacha kikombe mahali anapotaka."

"Na inamaanisha nini?" Torkild aliuliza. Aliuliza kwa mazoea; mawazo yake yalikuwa bado yanatafuta vipande vilivyokatwa.

"Jela. Nyumba ni jela na huyu ndiye askari. Angalia hapa koridoni, anavyobana ukutani. Anamvizia. Na mume anapiga mluzi, masikini, kama mfungwa aliyezoea."

Watu walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa kicheko cha watu wanaofahamiana.

"Mimi namjua mmoja wa namna hiyo, nimelala naye jana," alisema mzee mmoja wa safu ya mbele, na kicheko kikaongezeka.

"Egon, ukihitaji kutoroka nina chumba cha wageni," mwingine alisema.

"Hiyo tabia ya kufunga funga," alisema mwanamke mwenye miwani, kwa upole, kama anayetoa mchango wa maana, "mara nyingi ni mtu ambaye ndani yake hana raha. Anatawala vitu kwa sababu moyo umemshinda."

Dorte aligusa mkono wa Bodil. "Usijali. Ni sanaa tu."

"Sijali," Bodil alisema. Alikuwa ameshika kikombe cha kahawa na anatabasamu, na tabasamu lile lilikaa usoni kama kitu alichoombwa akishike kwa muda. Shingo yake ilikuwa nyekundu hadi masikioni. Alimtazama binti yake pale mbele. Alberte alikuwa anafungua mdomo. Bodil alitikisa kichwa, kidogo sana, na Alberte akaufunga.

Egon alisimama.

Alisimama kwa shida, maana hakuona mguu wa kiti cha mbele. "Naomba kusema," alisema.

"Egon," alisema Torkild, "tuna ile sheria, kwamba aliyetengeneza…"

"Mimi sikutengeneza."

Watu walicheka tena, wakisubiri utani.

"Egon, kaa," Bodil alisema kwa sauti ya chini.

"Subiri, Bodil." Aligeuza kichwa kizima, taratibu, mpaka akampata. Kisha akakirudisha kwa watu. "Kijana kasema vizuri alichokiona. Anafunga makabati, ni kweli. Mimi mwenyewe ndiyo leo nimejua. Sikuwahi kumwona, kwa sababu anafanya pembeni, na pembeni mimi sioni. Nina presha ya macho. Naona palipo mbele tu, kadiri ya sahani." Alionyesha kwa mikono, kisha akaishusha. "Mlango wa kabati ungenipasua uso. Kwa hiyo anaufunga. Hiyo ndiyo maana yake. Hakuna nyingine. Sitaki mtu aondoke hapa akisema mke wangu ni askari jela."

Chupa ya kahawa ilikohoa kule mezani, na aliyekuwa anaibonyeza akaondoa mkono.

Ukimya ulipita safu hadi safu, na ungeweza kuona ulipofika, kwa sababu nyuso zilibadilika. Kwanza zilikuwa nyuso za huruma. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wenye watoto wadogo wakakumbuka kazi anayoifanya Egon.

Dorte aliuondoa mkono wake kwenye mkono wa Bodil.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kabla ya Krismasi. Pengine zaidi."

"Merle yuko kwenye basi lako kila asubuhi."

"Najua. Anakaa nyuma yangu."

"Anasimama kwenye ua. Upande wa kulia." Sauti ya Dorte ilikuwa ndogo, kama mtu anayehesabu kitu gizani. "Unamwona?"

Egon angeweza kusema kwamba anapunguza mwendo pale, kwamba anageuza kichwa mara tatu. "Nikisimama na akija mlangoni, ndiyo," alisema. "Akiwa kwenye ua, hapana."

Dorte alichukua koti lake. Vilfred, aliyekuwa bado amesimama mbele na rimoti mkononi, alimtazama mama yake, akamtazama Egon, akaweka rimoti chini kama kitu cha moto.

"Alberte," Torkild alisema. Hakujua afanye nini na mikono yake. "Alberte, una la kuongeza?"

"Nilikuwa narekodi nyumbani tu," alisema Alberte. "Halafu nikakata." Akaanza kulia, na sheria ikawa imekwisha.

Egon alimpigia bosi wake simu kutoka kwenye korido ya makoti, Bodil akimtafutia namba. Bosi aliitwa Kaj. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama basi lina mafuta. Egon akasema linayo. Kaj akasema atakuja kulichukua mwenyewe alfajiri, na funguo waziache kwenye usukani. Hakusema pole na hakutukana. Egon alimrudishia Bodil simu, na akabaki amesimama akitazama makoti ya watu.

Waliokuja kuchukua makoti yao walisema samahani, kama inavyosemwa mtu akiwa amesimama njiani.

Bodil ndiye aliyeendesha kurudi nyumbani. Alberte alikaa nyuma. Walivuka daraja dogo, wakapita kanisa.

"Kwa nini hukuniambia unafanya hivyo?" Egon aliuliza.

"Ungeniambia niache."

Alifikiri. "Ningekuambia uache."

"Baba," alisema Alberte, "niliukata mkono ili wasijue. Kumbe nikamwachia mama peke yake pale."

"Nyinyi wawili mlikuwa mnanifichia siri yangu," Egon alisema. "Mimi ndiye niliyewapa kazi hiyo."

*

Asubuhi Kaj alilichukua basi. Bodil aliomba ruhusa kazini. Alipika kahawa, akakata mkate mweusi, na alipogeuka akamkuta Egon amevaa koti lake la udereva, anatafuta mkono wa pili.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Dorte. Pale kituoni."

"Usiende leo. Waache wapoe."

"Nikikaa leo, kesho nitakaa tena. Mwenyewe ulisema kile kiti cha dirishani unakijua." Bodil hakuwa amemwambia yeye maneno hayo, alimwambia Alberte, kwenye chumba cha kufulia. Ukuta wa chumba hicho ni mbao. Bodil aliweka kisu chini.

"Ulisikia."

"Nilisikia. Na hata hivyo jana nikavaa shati zuri." Alipata mkono wa pili wa koti. "Njoo kama unataka kuja."

Walikwenda kwa miguu. Ukungu ulikuwa haujainuka mashambani. Kituoni walikuwapo wazazi wachache, ingawa wengi kuliko siku za kawaida, na mazungumzo yao yalikoma Egon na Bodil walipotokea. Mtu mmoja alisema "habari za asubuhi" kwa sauti ya chini, akageuka kurekebisha begi la mtoto wake ambalo lilikuwa limekaa sawa. Dorte alisimama na Merle, amemshika kofia ya koti kama mtu anavyomshika mbwa mkali.

Basi lilifika. Kaj alifungua mlango bila kumtazama Egon. Watoto walipanda, na Merle alipofika kwenye ngazi aligeuka.

"Egon, wewe hupandi?"

"Leo hapana."

"Kesho?"

"Hapana, Merle. Macho yangu ni mabovu. Anayeendesha lazima aone."

Mtoto alifikiri jambo hilo, akaliona ni la kweli, akapanda. Alikaa nyuma ya dereva. Basi lilipoondoka, watoto wawili watatu dirishani waligeuza vichwa kulia, kushoto, kulia, wakimpungia mkono.

Wazazi wengine walikwenda kwenye magari yao. Dorte alibaki. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Merle alikuwa anakuiga nyumbani kwangu," alisema. "Mezani. Tulikuwa tunacheka, mimi na Vilfred. Mimi nikacheka." Alisogea hadi akawa mbele yake kabisa, ili asiweze kukosa kumwona. "Ungemuua."

Bodil alivuta pumzi kusema kitu. Alikuwa na mengi: machinjio, majira yale mawili ya baridi, mwendo wa polepole, mwezi wa sita uliokuwa karibu sana.

"Ndiyo," alisema Egon.

Dorte alisubiri. Hakikuja kingine. Aliitikia kwa kichwa kana kwamba amepokea kitu kizito lakini ni chake, akaenda zake, na hakuaga.

Egon na Bodil walianza kurudi. Barabara ilikuwa tupu. Bodil alitembea nyuma yake kidogo, upande wa mtaro, kama alivyozoea, akisukuma kwa mguu tawi lililoanguka njiani. Egon alisimama.

"Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Tembea mbele," alisema. "Nikuone."

"Na ukijikwaa?"

"Nitajikwaa."

Bodil alisita, kisha akampita, akatangulia hatua kadhaa. Hakujua afanye nini na mikono yake sasa ikiwa haina kitu cha kuondoa. Nyuma yake alisikia viatu vya Egon vikija, vikipapasa, vikija.

"Mkanda wa koti lako umejikunja mgongoni," alisema Egon.

Bodil aliuacha hivyohivyo, akaendelea kutembea.